Mtumbwi Usikauke Njiani

Ninyi mnaobaki na lile tela, someni hapa kabla hamjalifunga kwenye gari. Mimi nimeshatoka. Watu wa ufukoni wananiita mstaafu, kwa kejeli, maana mstaafu wanayemjua wao ana mvi na fimbo, na mimi nina mtoto anayenyonya. Sawa, nimestaafu. Nimestaafishwa na mtu ambaye hajawahi kupaka grisi beringi hata moja, na hasira niliyonayo sina haja ya kuificha. Ila hasira yangu ina tabia yake, wanaonifahamu wanaijua: inauliza maswali. Mtu akiniudhi nauliza kwa nini, halafu nauliza kile kitu chenyewe kinafanyaje kazi, na nikishaanza kuuliza kunizuia ni shida. Kazi ya kuvuta mitumbwi nilijifunza hivyo, na sehemu kubwa nilijifunza nikiwa nimenuna.

Kwa mgeni, nianze na hili. Kwetu Singida mitumbwi inasafiri kwa barabara. Ziwa Singidani liko hapa mjini, na Kitangiri liko mbali, chini kule baada ya mteremko wa Sekenke. Mvua zikiwa mbaya Singidani linarudi nyuma, mitumbwi inabaki juu ya tope jeupe kama viatu mbele ya mlango wa msikiti. Wenyewe wanaihamishia Kitangiri. Mvua zikikubali, wengine wanairudisha. Tena mafundi wazuri wa mitumbwi wako mjini, kwa hiyo hata mipya ya Kitangiri huundwa huku ikapelekwa kule. Ndiyo maana lazima pawe na gari, tela, na mtu anayeelewa kwamba mtumbwi si mzigo wa mahindi. Mahindi yakifika yamekauka unashukuru.

Niliingia kazini nikitokea kidato cha nne, na matokeo yangu hayakunipeleka mbele zaidi. Mradi wa serikali wa uvuvi ulitaka msichana wa kupima samaki kwa mizani pale ufukoni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Nilikuta landrova ya mradi imesimama mita chache kutoka majini, nyuma yake tela lenye mtumbwi, na chini ya tela miguu ya mtu.

"Shikamoo mzee," nikaisalimia miguu.

"Marahaba. Wewe ndiye wa mizani?"

"Ndiyo."

"Mizani haijaletwa. Hebu inama ushike hapa."

Huyo alikuwa Mzee Ntandu, dereva wa mradi. Alinishikisha kitovu cha gurudumu la tela, pale katikati ambapo beringi zinakaa.

"Pana joto?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Nikafikiri. "Kama kikombe cha chai ambayo mtu ameisahau."

"Basi tukae. Isahaulike zaidi."

Tukakaa. Nikauliza tunasubiri nini wakati maji yako pale na mtumbwi uko hapa. Akasema chuma chenye joto kimejaa pumzi. Ukikitumbukiza kwenye maji ya baridi kinavuta pumzi ndani, na pumzi hiyo ni maji, na maji yakikutana na grisi beringi imekwisha. Nilikasirika. Nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne, halafu mtu ananiambia chuma kinapumua. Jioni nyumbani nikachukua chupa tupu iliyokuwa imeshinda juani, nikaigeuza mdomo chini kwenye beseni la maji. Ilipopoa, maji yakapanda ndani ya chupa yenyewe, taratibu, bila kusukumwa na mtu. Nilirudia mara kadhaa. Kesho yake nilikwenda kushika kitovu kabla Mzee Ntandu hajaniambia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hiyo: shika kitovu kila mnaposimama, na msiingize tela majini likiwa na joto. Viatu vyeupe sikuvivaa tena.

Mizani ilipoletwa nilipima samaki, lakini samaki hawakuwa wengi kiasi cha kunimaliza siku nzima. Kilichokuwa kingi pale ufukoni ni ushauri. Wavuvi wa ndoano hukaa juu ya yale mawe makubwa, mshipi mmoja mkononi, na kwa kuwa samaki wa Singidani hana haraka, kazi yao inabaki kutazama magari ya wenzao. Landrova ikifika na mtumbwi wote wanageuka. Mkubwa wao alikuwa Athumani, mtu mnene, mcheshi, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Siwadharau, na ninyi msiwadharau. Ni wao walionifundisha kupunguza upepo kwenye matairi gari likizama topeni, ili tairi litandike mguu wake. Walinifundisha kufunga mtumbwi puani na mkiani, na kamba ya katikati kuilegeza kidogo, kwa sababu ukiikaza unaziminya mbavu za mtumbwi na hutajua mpaka ziwani. Walinifundisha kusuuza tela kwa maji ya bomba kila linapotoka Singidani, maana maji yake yana magadi, na magadi hula nati mpaka spana inakosa pa kushika. Na pia waliniambia upuuzi. Mmoja alishikilia kwamba mtumbwi upakiwe kinyumenyume ili upepo usiingie mdomoni ukaligeuza gari. Tulijaribu mara moja, kwa adabu. Gari halikugeuka, ila ng'ombe wa kijijini Mwankoko walikimbia.

Ubishi wenyewe ulikuwa kuhusu uzito. Mtumbwi juu ya tela ukae mbele, ulimi wa tela, kile chuma cha kulifunga kwenye gari, uegemee gari, au ukae nyuma? Athumani alisema nyuma, ili gari lisionewe. Mzee Ntandu alisema mbele, na hakutoa sababu. Kila mmoja aliongea kwa sauti ya mwenye haki. Mimi nikaudhika na wote wawili, nikaomba watoto wa jirani kigari chao cha makopo chenye magurudumu ya kandambili, nikakifunga kamba, nikaweka jiwe kwa nyuma, nikakivuta mbio kwenye mteremko mbele ya mawe ya wavuvi.

"Dada wa mizani amerudi utoto," Athumani akasema.

"Na wewe mtu mzima shuka uone."

Kilicheza kama mkia wa mbuzi, kulia, kushoto, mpaka kikapinduka. Nikahamisha jiwe mbele. Kikanifuata kimyakimya. Nikarudia mpaka nikachoka, nikisogeza jiwe kidogo kidogo nione kigari kinaanzia wapi kucheza. Athumani alishuka kweli. Akachutama, akakitazama kile kigari, akaligeuza jiwe mkononi.

"Hili jiwe ni dogo mno," akasema, akarudi kwenye mshipi wake. Kwake yeye huko kulikuwa kukubali.

Lakini ni Athumani huyohuyo aliyenipa kitu ambacho hata Mzee Ntandu alishindwa kunieleza. Nilianza kupewa usukani wakati Mzee Ntandu mgongo ulipomsumbua. Kwenda mbele na tela si kitu. Kurudi nyuma mpaka majini ndiko kunakotoa watu machozi, kwa sababu ukikata kulia tela linakwenda kushoto. Siku hiyo nililipeleka tela kila mahali isipokuwa ziwani, na wanaume wote ufukoni walikuwa na la kusema, na lililosemwa zaidi ni kwamba mwanamke ana mizani yake na gari lina wenyewe. Nilikuwa karibu kushuka niwatukane. Athumani akaja dirishani.

"Shika usukani kwa chini, siyo kwa juu. Mkono wako uende unakotaka mkia wa tela uende. Basi."

"Umejuaje, wewe ambaye hujaendesha hata mkokoteni?"

"Nimekaa jiwe lile miaka yote namtazama Ntandu mikono. Samaki hawali, nifanye nini?"

Nikashika chini. Tela likaingia majini kama limeitwa.

Sasa maji ndani ya mtumbwi. Hapa msome polepole.

Upepo wa Singida mnaujua, hauna likizo. Mtumbwi wa mbao ukikaa juu ya tela nusu siku kwenye upepo na jua, mbao zinanywea, kila ubao unamwacha jirani yake, na ile pamba na lami iliyoziba katikati inabaki inaning'inia. Kwa macho uko mzima, rangi inang'aa, kumbe umekuwa chujio. Mzee Ntandu alikuwa anatandika magunia ya katani ndani ya mtumbwi, anamwaga maji mpaka kwenye fundo la mguu, anaondoka hivyo. Magunia yanafanya kazi mbili: yanalowesha mbao za pembeni, na yanazuia maji yasikimbie. Maji yakikimbilia mbele kwenye mteremko yanaukandamiza ulimi wa tela, usukani unakuwa mwepesi kama umeshika hewa. Yakikimbilia nyuma kwenye mpando, ulimi unainuka na tela linaanza kucheza kama kile kigari changu. Kwa hiyo magunia mengi, maji kiasi.

Kilichonishangaza ni maji aliyotumia. Bomba la mradi lilikuwa pale pale gereji, lakini yeye alikwenda na ndoo mpaka ziwani, akajaza maji ya magadi, yale yale yanayokula nati na misumari. Nilimuuliza. Akasema ya ziwani yako karibu. Hayakuwa karibu. Athumani alidai chumvi inakaza ubao. Mwingine akasema mzee anaogopa kulaumiwa kwa kumaliza maji ya bomba. Nikamuuliza tena Mzee Ntandu, akaniomba spana namba kumi na nne.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Mitumba ikajaa sokoni, maduka yakapata kamba za nailoni za rangi zote, na pikapu za Kijapani zikaanza kuingia mjini zikiwa zimeshatumiwa na watu tusiowajua. Mradi wa serikali ukafungwa. Wengi wakapunguzwa kazini. Mzee Ntandu akarudi kwao Mtinko kwa ng'ombe wake. Landrova na tela vikanunuliwa na Bwana Kassim, mfanyabiashara wa mjini, na mimi nikanunuliwa humohumo kama jeki, kwa sababu hakupata mwingine wa kulirudisha tela mpaka majini.

Sitaki niwe mwongo: Bwana Kassim ni mchapakazi, na bila yeye lile tela lingeota nyasi. Lakini alipenda vitu vyepesi. Alitaka tela livutwe na pikapu yake mpya, inakunywa mafuta kidogo. Wavuvi wa ndoano walikaa kikao cha asubuhi nzima juu ya hiyo pikapu, wakaipiga mateke matairi, wakazipenda taa zake. Mwisho Athumani akasema, "Hii ikivuta mtumbwi kupanda ni sawa. Kushuka, mtumbwi ndio utakuwa dereva." Kumbukeni hilo. Gari lizidi mzigo, siyo mzigo ulizidi gari. Nilikataa kuifunga. Akacheka, akaniachia landrova, na akamleta Sefu, mtoto wa dada yake, kijana mwenye leseni aliyetoka Dar, ajifunze kwangu. Kwenda mbele alijua.

Katikati ya hayo nikampata Rehema. Baba yake yuko Itigi, kazi ya reli, anakuja akipata nafasi. Nilirudi kazini na mtoto, kwa kuwa maziwa yako kifuani kwangu na siwezi kuyaacha nyumbani. Nikiwa kwenye usukani Sefu alimpakata. Alilalamika siku ya kwanza, siku ya pili akawa ananirekebisha namna ya kumfunga nepi.

Bwana Kassim hakupenda. Alituita gereji.

"Gari langu si kliniki," akasema.

"Mtoto hajagusa gari lako. Amepakatwa."

"Amepakatwa na dereva wangu."

"Dereva wako ni mimi. Huyu bado anajifunza."

Sefu akatazama dari. Bwana Kassim akaniambia masharti yake bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Kulikuwa na mtumbwi mpya wa kupeleka Tulya, kwenye Ziwa Kitangiri, kwa Mama Shija na wenzake. Hao ni akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Miaka yote walinunua kwa wavuvi wanaume, wakaachiwa samaki waliobaki, na sasa walitaka mtumbwi wao. Bwana Kassim alikuwa ameshatangaza Tulya nzima kwamba siku fulani utafika na siku hiyohiyo utaelea, na wengine wangeuona ndipo waagize. "Ukifika na ukaelea siku hiyo, usukani ni wako na mtoto wako," akasema. "La sivyo anaendesha Sefu, wewe ukalee."

Akaongeza neno moja. Mtumbwi ule ulikuwa umepakwa rangi ya kijani mbichi na una misumari mipya, kwa hiyo hakutaka magadi ndani yake. Tuweke maji ya bomba. Halikuwa neno la kijinga. Hata mimi nilikuwa nimejiuliza miaka yote. Tukaweka ya bomba.

Tuliondoka asubuhi. Kwenye Sekenke niliingiza gia ya chini juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na ninyi fanyeni hivyo hivyo. Ukisubiri mpaka gari lishike mwendo umeshachelewa, breki zitanuka halafu zitakwisha. Sefu alimshika Rehema kwa mikono miwili, yeye mwenyewe hakuna aliyemshika. Tukafika chini salama, tukapita Shelui, tukaingia njia ya vumbi kuelekea ziwani. Ilikuwa kiangazi chenyewe. Hata mbuzi walikuwa wanatembea kwa kufikiri.

Nikasimama kushika kitovu, kama ilivyo kanuni. Nikiwa nimeinama nikasikia sauti za wanawake. Walikuwa wanatoka kwenye visima vya kuchimba mchangani, ndoo kichwani, na ndoo zilikuwa zinalia utupu. Mbele yao bibi mmoja mfupi.

"Hamjambo wanangu."

"Hatujambo. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huu ni mtumbwi?"

"Ndiyo bibi, unakwenda Tulya."

Akachungulia kwa kupanda juu ya gurudumu.

"Kwingine mtumbwi unakaa ndani ya maji. Ninyi mmetia maji ndani ya mtumbwi mkayatembeza."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka.

"Ni ya chumvi haya?" akauliza.

Ndipo nilipomwelewa Mzee Ntandu. Miaka yote ile. Maji ya magadi hakuna anayeyaomba. Unapita vijiji vyote, watu wanachungulia, wanaonja kwa kidole, wanatema, unaondoka na mtumbwi wako umelowa na hujamnyima mtu. Kwetu maji hayanyimwi. Mtu akikuomba maji unampa, ndivyo tulivyolelewa wote, mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Mzee alikuwa amepata njia ya kutoombwa. Mpaka leo nashindwa kuamua kama ule ni werevu au ni ukwepaji, na nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko swali la beringi.

Ningeweza kusema ndiyo, ni ya chumvi. Sefu alikuwa ananitazama.

"Hapana bibi. Ni ya bomba. Yananuka lami kidogo."

"Lami hainywewi na ng'ombe?"

"Dada," Sefu akaninong'oneza, "mjomba atasemaje?"

"Mjomba wako hayuko hapa. Hawa wako hapa."

Wakachota. Walichota kwa adabu, kila mmoja akimtazama mwenzake asizidishe, na bibi yule akamshika Rehema mguu akauliza anaitwa nani, akambariki. Maji yalibaki kidogo, magunia bado yamelowa, nikajiambia tutafika. Lakini habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani, maana hatukupitwa na mtu yeyote. Kijiji kilichofuata walikuwa wamesimama barabarani na ndoo, na madumu, na sufuria. Ningewapa wa kwanza niwanyime wa pili? Walipomaliza kuchota waliyakamua na magunia. Wakatusaidia hata kuyatandika upya, makavu, vizuri kabisa.

Jua na upepo vikafanya kazi yao. Tulifika Tulya mchana. Bwana Kassim alikuwa ametangulia na pikapu, amevaa kanzu safi, na ufuko mzima ulikuwa umejaa watu. Mtumbwi ulipendeza. Watu waliusifia rangi. Mimi nikaingia chini ya tela nikatazama juu, nikaona mwanga. Mistari ya mwanga, kutoka pua mpaka mkia, mingi. Nikauingiza ukucha kwenye mmoja, ukaingia.

Nikatoka, nikamwambia Bwana Kassim pembeni.

"Umekauka. Haupandwi leo. Uzamishwe, ulale majini siku mbili tatu mbao zivimbe."

"Maji mliyotia yako wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, "Hukuibiwa. Uligawa."

"Niligawa."

"Basi ushushwe. Utavimba ukiwa unaelea."

Wavuvi wa Kitangiri nao ni wavuvi. Wakaanza. Mmoja akasema tupake mavi ya ng'ombe na majivu kwenye nyufa. Mwingine akasema sabuni ya mche. Wa tatu akasema wawekwe watu wawili na makopo, mmoja achote mbele mwingine nyuma, upige raundi moja karibu na nchi kavu, uhesabike umeelea. Huyo wa tatu alikuwa na akili, na Sefu akanishika mkono.

"Dada, raundi moja tu. Watapiga makofi, mjomba atafurahi, usukani unabaki kwako. Baadaye tunauzamisha kimyakimya."

Nilifikiri, sidanganyi. Nilimtazama Rehema mikononi mwake. Nikamtafuta mwenye mtumbwi, Mama Shija, mama mrefu mwenye macho mekundu ya moshi, amesimama na wenzake na nyavu zao mpya zimekunjwa.

"Mama," nikamwambia, "ukipigiwa makofi hapa, utakubali kusubiri siku tatu baadaye?"

"Kwa nini nisubiri wakati umeelea? Samaki wamesogea. Tunaingia leo hii."

"Ukiingia leo utarudi kwa kuogelea. Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Wenzako?"

Akageuka, akawatazama. "Anajua huyu mmoja."

"Basi naomba mawe."

Bwana Kassim alikuwa amesikia. "Nilikupa masharti," akasema.

"Nayakumbuka."

"Ukiuzamisha mbele za watu hawa, nachukua funguo."

Nikarudisha tela majini, mkono chini ya usukani, taratibu, na nilihakikisha kwanza kitovu kimepoa hata siku hiyo. Akina mama wakabeba mawe kwa kanga zao. Mtumbwi wa kijani ukashuka, ukaingiza maji kwa kila upande kama kitu chenye kiu, ukakaa chini mpaka ikabaki ile mistari miwili ya kingo zake. Nadhani hakuna aliyewahi kuona mtu akileta mtumbwi kutoka mbali kiasi kile, akauzamisha. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama nina akili timamu, akajibiwa kwamba nimesoma.

Bwana Kassim akanyoosha mkono, nikaweka funguo ndani yake, naye akampa Sefu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akapanda pikapu yake akaondoka.

Sefu akanirudishia Rehema. Akasimama na funguo kama amepewa nyoka.

"Dada, pale Sekenke kupanda, tela likiwa tupu, gia gani?"

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yanavuma. Ningemwambia amuulize mjomba wake.

"Ya pili tokea chini," nikamwambia. "Na ukikutana na lori, usisogee pembeni mpaka uone changarawe. Tela tupu linarukaruka. Na simama ushike kitovu."

Akaenda. Mimi nilibaki Tulya kwa Mama Shija, kwa kuwa sikuwa na usafiri na kwa kuwa nilitaka kuona. Kila asubuhi nilishuka ufukoni, nikaingia majini, nikapapasa zile nyufa kwa ukucha. Siku ya kwanza ukucha uliingia. Siku iliyofuata uliingia kwa shida. Ni kitu cha ajabu, ubao uliokatwa, ukapigwa randa, ukapakwa rangi, bado unakumbuka kunywa. Wavuvi walikuwa wanapita na kuulizia samaki wangapi wamepanda ule mtumbwi wa chini. Samaki wa siku zile walikwenda kwa wengine, na nililiona hilo kwenye nyuso zao, na hakuna aliyeniambia neno.

Ukucha ulipokataa kuingia tukatoa mawe, tukachota maji, tukafuta kwa matambara. Mtumbwi ukainuka. Tukausukuma mpaka kina cha mapaja, wale wavuvi wote wamekaa mstari mmoja ufukoni kama kamati. Mama Shija akapanda wa kwanza. Alikuwa amevaa kanga safi, ya kutokea. Hakukaa kwenye benchi. Alijitandaza chini kabisa, kwenye mbao za sakafuni, akakunja mikono.

"Huyo atainuka kama mtoto aliyekojoa," mmoja akasema kutoka ufukoni.

"Ngoja basi uone," akamjibu.

Akakaa. Tukauzungusha kwa kasia huku na huku, wenzake wakapanda mmoja mmoja, mtumbwi ukazidi kushuka majini, na yeye hakuinuka. Rehema akalala mgongoni kwangu. Mwisho tukaurudisha karibu na nchi kavu, mbele ya kamati. Mama Shija akasimama, akawageuzia wanaume mgongo, akainama kidogo ili waone vizuri.

"Mama Rehema," akaniita, "mimi sijioni. Pamelowa?"

"Pakavu, mama."